Kodi ya Nyumba ya Mama

Tulimwacha Mhandisi kwenye ofisi ya mapato, chumba cha mwisho kabisa, akimsubiri mkalimani. Afisa alikuwa amemweleza kwa vidole na kwa maneno ya kitoto kwamba yule mzee anayetafsiri siku zote anaumwa, na kampuni ya wakalimani inaleta mtu mwingine. Mlango ukagongwa. Mlango ukafunguka. Mhandisi, aliyekuwa ameshaanza kunyanyuka ili amsalimie mgeni, akaganda katikati, hajasimama wala hajaketi, kama mtu aliyeshikwa na kiuno.

Aliyeingia ni mkewe.

Mama Pacha mwenyewe! Kitambulisho shingoni, kalamu mkononi, na koti lile lile la bluu alilolivaa asubuhi akimuaga mumewe mlangoni: "Kazi njema, Baba Pacha. Usisahau kofia yako."

Kofia yenyewe, ile ngumu ya njano ya wajenzi, ilikuwa chini ya kiti. Mhandisi akaisukuma nyuma kwa kisigino.

Kama umeungana nasi leo tu, usihangaike, jambo lenyewe ni fupi na chungu. Mhandisi aliletwa ugenini na kampuni ya kujenga madaraja. Mke na watoto wao mapacha wakamfuata. Daraja likaisha, kampuni ikafunga virago, na Mhandisi akapewa mkono wa kwaheri. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alivaa mabuti, akabeba kofia, akaenda kukaa stesheni mpaka jioni. Na ule "mshahara" aliouweka mezani kila mwezi? Ulikuwa ukitoka kwao, kwenye nyumba waliyomjengea mama mkwe. Mkewe aliambiwa nyumba hiyo bado haina paa. Kumbe ilikuwa na paa, madirisha, rangi, na wapangaji ndani.

Hayo ndiyo Mhandisi aliyokuja kuyazungumza kwa Afisa. Na lipo moja zaidi, baya kuliko yote hayo, ambalo aliomba kwa Mungu Afisa awe amelisahau.

Afisa, mtu mzima mwenye miwani ya kamba, aliwatazama wote wawili akauliza kitu. Mama Pacha akajibu upesi kwa lugha ya pale, akaketi, kisha akamgeukia mumewe. Uso mkavu kama sahani iliyopanguswa.

"Bwana Afisa anauliza kama tunafahamiana. Nimemwambia tunatoka nchi moja."

Mhandisi akafungua mdomo. Akautazama mlango.

Alijua sheria. Mkalimani haruhusiwi kumtafsiria ndugu yake, sembuse mume. Neno moja tu lingetosha kuvunja kikao, na neno hilo la "mke" alilijua kwa lugha ya pale. Angelitamka, mkewe angetolewa nje kabla hajasikia lolote.

Lakini angelitamka, mkewe angefukuzwa kazi pia. Na ule ndio ulikuwa mshahara pekee wa kweli uliobaki katika nyumba yao. Hapo Mhandisi akafyata ulimi. Tuseme ukweli, msomaji: si huruma peke yake iliyomfanya anyamaze. Aliogopa. Aliogopa zaidi ile njia ya kurudi nyumbani, wawili wao, bila Afisa katikati.

Kikao kikaanza.

"Afisa anasema," Mama Pacha alitafsiri, sauti imenyooka, "mwajiri wako ameacha kukukata kodi tangu mwaka jana. Anauliza kwa nini."

Mhandisi aliyatazama mabuti yake. Yalikuwa safi mno. Mabuti ya mtu wa ujenzi hayawi safi vile.

"Mwambie kampuni ilimaliza daraja."

"Nimwambie kwamba huna kazi?"

"Hilo Afisa hajauliza."

"Nauliza mimi, ili nitafsiri sawasawa."

Akayatazama tena mabuti. "Mwambie sina kazi."

Mama Pacha akageuka, akasema. Sasa, mkalimani ni kama bomba la maji, yake hayamo. Akitafsiri husema "mimi" akimaanisha mwenzake. Kwa hiyo ni yeye, kwa kinywa chake, aliyemwambia Afisa: mimi sina kazi. Mhandisi alilisikia lile neno la "mimi", akatamani sakafu ipasuke immeze.

Ajabu ni kwamba mkewe hakushtuka. Hata kope hazikucheza. Mhandisi aliliona hilo, likamtisha kuliko kama angepiga kelele.

Afisa akaendelea. Hakuwa mtu mkali, alikuwa na ule upole wa daktari anayejua sindano inakuja.

"Anasema kila mwanzo wa mwezi kuna pesa inaingia benki kutoka kwetu... kutoka kwenu. Anauliza ni ya nini."

"Zawadi. Ndugu yangu hunitumia."

Akatafsiri. Afisa akacheka kidogo, akapangusa miwani.

"Anasema yeye ana kaka watatu. Hajawahi kuona ndugu asiyechelewa hata mwezi mmoja. Anasema akipatikana huyo wako, umtambulishe kwa kaka zake."

Aliutafsiri utani wote, mwanzo mpaka mwisho, bila kutabasamu. Mhandisi alijaribu kucheka. 

"Anasema usiogope kiti hicho, wageni wengi wamekikalia. Wengi hudhani pesa ya kwao haiwahusu watu wa hapa. Ukishakuwa mkaazi wa hapa, pesa yako ikitoka popote, hata mwezini, unatakiwa kuitaja. Kama kule ulishailipia kodi, hapa watakupunguzia. Je, uliilipia?"

"Hapana."

"Hapana," alirudia Mama Pacha kwa sauti ndogo, kabla hajaitafsiri.

Afisa akauliza swali jingine, fupi. Mama Pacha akainua kichwa, akasita.

"Anauliza kama ni kodi."

"Si ndiyo hiyo anayonidai?"

"Si kodi ya serikali. Kodi ya pango. Anauliza kama una..." Hapo ile sauti iliyonyooka ikapinda. "Anauliza kama una nyumba kule umeipangisha."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akikata majani kwa mashine. Ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena.

"Ndiyo," alisema Mhandisi.

Mama Pacha hakutafsiri.

"Nyumba gani?"

"Afisa hajauliza hivyo."

"Nauliza mimi."

"Ile."

"Ile ipi?"

"Ya mama."

Mkono wa Mama Pacha ulipanda ukashika kitambulisho shingoni, ukakishikilia hapo. Mhandisi aliona vidole vikibadilika rangi. Vidole hivyo alivijua. Asubuhi vilishika kalamu ya ukalimani hospitalini, jioni vilifua mashuka ya hoteli. Pesa ya jioni ndiyo ya paa. Mwaka jana alinunua mabati. Yeye, Mhandisi, akamwambia mabati yameibwa. Mwaka huu akanunua mengine, na misumari, na mbao za kenchi. Mhandisi alipokea kila senti. Nyingine ilikwenda kwenye nauli yake ya kila siku kwenda kukaa stesheni.

Afisa alikohoa. Akauliza kitu huku akiinamisha kichwa kwa wasiwasi. Hata asiyejua lugha angeelewa: kuna tatizo?

Mama Pacha akavuta pumzi. Akamgeukia Afisa, akasema kile alichotakiwa kusema, kwa "mimi" ile ile ya kazi: mimi nina nyumba, ina wapangaji, kodi ndiyo hiyo.

"Vizuri," Afisa alisema. Neno hilo Mhandisi alilielewa. Akadhani yamekwisha. Akanyoosha mguu kuivuta kofia.

Za mwizi arobaini, ndugu zangu.

Afisa aliegemea meza, akakunja uso kama mtu anayekumbuka kitu, akazungumza kwa muda mrefu. Mama Pacha akamsikiliza. Akamwomba arudie. Afisa akarudia, polepole zaidi, kwa vituo. Na Mhandisi akajua. Lile alilomwomba Mungu lisahaulike, halikusahaulika.

"Afisa anasema," alianza Mama Pacha, akakatika. Akaanza upya. "Afisa anasema kuna kitu hakielewi. Siku ya kwanza, pale dirishani, ukiwa na yule mzee mkalimani, ulisema pesa hii si yako. Ulisema nyumba ni ya mkeo. Kwamba kodi ni ya mkeo, inapitia tu kwenye akaunti yako."

Akaiweka kalamu yake mezani.

"Na ulisema wewe hukujua lolote. Ulisema mkeo alikuwa anakuficha."

Mashine ya majani ilinguruma kule nje.

"Anauliza," alimaliza Mama Pacha, akimtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, "mkeo yuko wapi?"

Mtu mmoja kwenye foleni alimshauri siku ile: sema ni ya mke, mwenye mshahara mdogo hawamsumbui. Hilo la nyumba ndilo aliloshauriwa. Lakini lile la mwisho, la kwamba alikuwa anafichwa, hakuambiwa na mtu. Lilimtoka mwenyewe, kwa hofu, kwa kuwa lilimpendeza kulisikia: kwa dakika moja tu, mbele ya watu, yeye ndiye aliyedanganywa.

Masikio yalimwaka moto. Alihisi kama amevuliwa nguo na kusimamishwa sokoni.

"Mwambie nilisema uongo," alisema.

Mama Pacha hakumgeukia Afisa.

"Mwambie, Mama Pacha! Mwambie nyumba si ya mke wangu, ni ya mama yake. Mke wangu anajua haina paa. Mke wangu hajui chochote. Mwambie!"

Afisa akageuza macho kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Akauliza, bila shaka: amesema nini?

Mama Pacha alikivua kitambulisho. Kamba ikanasa kwenye hereni, akainasua taratibu, wala hakuwa na haraka. Akakiweka mezani mbele ya Afisa, akasema sentensi moja fupi. Ndani yake Mhandisi alilitambua neno moja tu.

Mke.

Afisa akawa mwekundu mpaka kipara. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Akakinyakua kile kitambulisho, akatoka nje kwa hatua ndefu, na mlango ukajipiga nyuma yake.

Wakabaki wawili.

"Anakwenda kumwita mkuu wake," alisema Mama Pacha. "Kwa ajili yangu. Nimevunja sheria ya kazi. Nilitakiwa nigeuke pale pale mlangoni."

"Kwa nini hukugeuka?"

"Niliambiwa tu kuna mgeni, mapato ya nje. Nikafungua mlango nikakuona. Nikasema moyoni, leo nitamsikia mume wangu anasema ukweli, maana ofisini mtu haongopi kama nyumbani." Akacheka, kicheko kisicho na meno. "Nimesikia."

"Mama Pacha, kazi yangu..."

"Kazi nilijua. Nyumba ndiyo sikujua."

Mhandisi alimtazama kama amepigwa kofi.

"Ulijua?"

"Nilikuona stesheni, kipindi kile cha baridi. Umekaa benchi la mwisho, kofia mapajani, unakula mkate niliokufungia. Unakula polepole, ili siku iishe. Nikajificha nyuma ya nguzo kama mimi ndiye mkosaji."

"Na hukusema!"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini wewe?"

"Yako. Nikasema huyu mtu amebeba mzigo mzito, ngoja nimshike upande mmoja kimyakimya, siku atakapotaka kuutua tutautua wote. Ndiyo maana kila asubuhi nakwambia usisahau kofia. Kumbe mimi nashika upande mmoja, na wewe umepanda juu ya mzigo!"

Hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Nilitaka mwezi mmoja tu," alisema Mhandisi. "Mpangaji alitafutwa na mdogo wangu kule. Nikasema nichukue kodi ya mwezi mmoja, nikuletee kama mshahara, mwezi ujao nitapata kazi nirudishe. Mwezi ujao nikakosa. Na ule uliofuata. Kila nikitaka kusema, uongo umeshaongezeka ukubwa, hauingii tena mdomoni."

"Nani anakaa mle?"

"Familia moja. Watu wazuri."

"Watu wazuri."

"Hawana ugomvi. Wanalipa kwa wakati."

"Hilo nimesikia. Afisa amesema."

Akatoa kitambaa, akapangusa mikono, ingawa ilikuwa mikavu. Kisha akasema lile ambalo Mhandisi alikuwa akilikimbia muda wote.

"Mama ameuza cherehani yake kwa ajili ya milango ya nyumba ile. Anakaa chumba cha kupanga mjini, mbali na kiwanja chake, choo cha kuchangia na watu asiowajua, na kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe anapita mtu mwingine na ufunguo. Juzi kanipigia. Mvua inanyesha, nasikia maji yanadondoka kwenye beseni. Nikamwambia, mama, ngoja nimbane Baba Pacha atuambie paa limefikia wapi. Unajua alinijibu nini?"

"Usiniambie."

"Alisema, 'Mwanangu, usimsumbue mumeo. Mwanaume akiulizwaulizwa huvunjika moyo. Yule ni mwanangu, ataniezekea tu.'"

Mhandisi aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza. Wakwe zake wangemwita mwizi, angevumilia. Jirani wangemcheka, angehama. Lakini mwanamke mzima, mwenye beseni la maji ya mvua miguuni, anamtetea! Alimkumbuka siku ya harusi akimshika mikono yote miwili na kumwambia, sasa nina mtoto wa kiume. Machozi yakamtoka, na hata machozi aliyaonea haya, akayafuta kwa mkono wa shati kabla hayajaonekana.

"Nisamehe," alisema kwenye ubao wa meza.

"Usiniombe msamaha hapa. Hapa niko kazini." Akajigusa shingoni, pasipo kitu. "Au nilikuwa."

Mlango ukafunguka.

Afisa aliingia mbele, nyuma yake mwanamke mrefu aliyevaa gauni la kijivu, ambaye bila kuambiwa ulijua ni Mkuu. Mkuu alikuwa amekishika kile kitambulisho kwa vidole viwili. Mhandisi alisubiri mvua ya matusi.

Haikunyesha. Mkuu aliketi, akakiweka kitambulisho mezani, akakisogeza kwa Mama Pacha. Akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Anasema mkalimani mwingine hayupo mpaka wiki ijayo," alieleza Mama Pacha, mshangao ukimtoka waziwazi. "Anasema kosa langu litashughulikiwa na kampuni yangu. Lakini suala hili haliwezi kungoja. Ananiomba nitafsiri mara moja ya mwisho, kila neno, bila kupunguza wala kuongeza. Hata yanayonihusu mimi."

Akakivaa. Akanyoosha mgongo. Na lile bomba la maji likarudi.

"Anasema kwanza ujue hivi. Kodi yenyewe ilikuwa ndogo. Mtu asiye na kazi, mwenye kijumba kimoja cha kupangisha kwao, sheria inamwonea huruma. Ungekuja siku ya kwanza ukasema nimeachishwa kazi na ninaishi kwa kodi ya pango, wangekupangia ulipe kidogokidogo. Na kuna msaada kwa walioachishwa kazi. Ungeupata."

"Msaada?" Mhandisi alinong'ona.

"Ungeupata tangu mwezi ule ule. Muda wake umepita."

Afisa alitazama pembeni. Mhandisi alielewa kwamba watu hawa hawamchukii. Wanamhurumia. Hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia.

"Pili, anasema kinachokusumbua sasa si kodi. Ni yale maneno ya dirishani. Yamepokelewa na serikali kama ushahidi wako. Kwa hiyo yako mambo mawili." Akanyoosha kidole cha kwanza. "Mke akikubali kwamba nyumba ni yake, kodi alipokea yeye, na alimficha mumewe, basi maneno yako ni kweli. Wewe utatoka hapa huru. Mke atadaiwa yeye, pamoja na adhabu ya kuficha, na huyo hataruhusiwa tena kufanya kazi katika ofisi ya serikali."

Alisema "mke" na "huyo" kama anamzungumzia mtu wa mbali, jirani wa mtaa wa tatu.

"Mke akikataa, basi uliidanganya serikali. Utafikishwa mahakamani. Na kwa kuwa kibali cha kuishi hapa ni chako, na mke na watoto wamo ndani ya kibali chako, kikifutwa kinafutwa cha wote. Watoto watatolewa shule."

Mapacha! Hata aliwasahau kwa muda wote ule. Waliokuwa wakigombana kwa lugha ya pale, wakiota kwa lugha ya pale. Asubuhi ile walimuuliza, baba, daraja lako jipya lina nguzo ngapi?

"Tatu?" aliuliza. "Hakuna jambo la tatu?"

Mama Pacha aliuliza kwa niaba yake. Mkuu akatikisa kichwa.

"Anasema sasa hana swali kwako tena. Swali moja lililobaki ni la mke."

Mkuu akageuza kiti. Akamkabili Mama Pacha uso kwa uso, akauliza, neno baada ya neno. Mama Pacha akamsikiliza mpaka mwisho. Kwa mazoea akageuka upande wa mumewe, mdomo ukafunguka ili atafsiri. Kisha akakumbuka kwamba swali si lake. Akaufunga.

"Mama Pacha, sema ni mimi," Mhandisi aliomba haraka. "Sema ukweli, sema mimi ndiye mwongo. Nitakwenda jela. Usibebe tena. Nakuomba, usibebe upande wowote."

Aliinua kiganja kumnyamazisha, kama anavyowanyamazisha watoto mezani.

Akamgeukia Mkuu. Akazungumza.

Alizungumza kwa muda mrefu, bila kusita, kwa ile lugha aliyojifunza usiku akiwa na mtoto kila paja, wakati yeye Mhandisi akisema haina haja, kazini tunaelewana. Mhandisi alisogea mpaka ukingoni mwa kiti, masikio yamesimama. Maneno aliyoyajua ni ya ujenzi tu, ya kuulizia vifaa na kuonya mafundi. Akayadaka moja moja, kama mtu anayeokota misumari gizani. Paa. Mlango. Ukuta. Hatari. Mama, hilo kila mtu analijua. Halafu maneno mengi, mengi, asiyoyajua hata moja. Halafu paa tena. Yameunganishwa na nini? Ni "ndiyo" au "siyo"? Alitafuta hayo mawili katika mto ule wa maneno, asiyapate.

Alipomaliza, Afisa alikuwa ameacha kalamu ianguke. Mkuu aliuliza neno moja, Mama Pacha akaitikia kwa kichwa. Ndipo Mkuu akasimama, akazunguka meza yote, akampa Mama Pacha mkono, akaushikilia. Alipompita Mhandisi hakumtazama. Afisa ndiye aliyemtazama, macho yakiwa na kitu ambacho Mhandisi hakuwahi kukiona machoni mwa mtu tangu azaliwe, na hakutaka kukielewa.

Mkuu na Afisa wakatoka. Safari hii mlango ulifungwa pole sana, kama wa chumba cha mgonjwa.

Mama Pacha akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Umewaambia nini?" Mhandisi aliuliza.

Kifungo kimoja. Kingine.

"Mama Pacha. Nakuuliza mimi mumeo. Umewaambia nini?"

Mkewe akatundika mkoba begani, akafika mlangoni, akageuka. Hakuwa na hasira tena usoni, na hilo ndilo lililomkata maini Mhandisi.

"Tafuta mkalimani," alisema, akatoka.